Siku ya tisa baada ya upasuaji: shangazi anataka kunikanda kwa maji ya moto

Mzazi wa Mbagala

Habari zenu wote, na shikamooni kwa walionizidi umri. Siku tisa zilizopita nilijifungua mtoto wangu wa kwanza kwa upasuaji, baada ya uchungu wa karibu siku nzima ambao haukufungua njia inavyotakiwa. Mtoto ni wa kike, ananyonya vizuri, na kitovu kimedondoka jana. Mimi niliruhusiwa siku ya tatu nikiwa na dawa za maumivu, za kuzuia maambukizi na za kuongeza damu, pamoja na tarehe ya kurudi kuangaliwa mshono.

Kilichonileta hapa ni hiki. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, amekuja kutoka Pangani kunilea uzazi. Amekuja na mkaja mpya wa kufunga tumbo, pilipili manga ya kutosha, unga wa ulezi na nia njema ambayo siwezi kuilipa. Kwa kuwa mshono umeanza kukauka kwa juu, anataka tuanze kukandwa asubuhi na jioni mpaka arobaini itimie, na maji yenyewe si ya uvuguvugu. Jana alinionyesha kwa mgongo: sufuria linatokota, anachovya taulo, analikamua kwa kulirusha mkono huu na huu kwa sababu halishikiki, kisha analibandika mwilini likiwa linafuka moshi. Mgongoni nilistahimili, ila leo jioni anasema ni zamu ya tumbo.

Hoja yake ni kwamba damu iliyobaki itaganda na kuoza ndani, tumbo litabaki kubwa, na uzeeni kiuno kitanidai. Amewakanda mama yangu na dada zangu watatu, na hakuna aliyedhurika, lakini wote walijifungua kwa njia ya kawaida. Mimi ndiye wa kwanza kupasuliwa katika nyumba yetu, kwa hiyo hata yeye hana wa kumlinganisha naye.

Sitaki kumvunjia heshima, wala sitaki kuumia. Naomba kujua kama kukandwa tumbo kuna faida yoyote kwa mtu mwenye mshono, na kama mkaja nao nifunge au niuache. Kuna mambo mengine mawili ambayo sijamwambia mtu: tangu siku ya tatu nimekuwa nikilia bila sababu, ingawa sasa kunapungua, na juzi nilipokohoa mkojo ulinitoka kidogo.

Mkunga Mstaafu, Tanga

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kutoka salama. Nimezalisha kwa miaka mingi katika mkoa huo huo anakotoka shangazi yako, na mazungumzo haya nimeyafanya na wakina shangazi wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Tuanze na damu, kwa sababu ndiyo mzizi wa hoja yake. Mji wa mimba ukishamtoa mtoto na kondo huwa na uzito wa karibu kilo moja, na ukiupapasa siku ya kwanza unaukuta usawa wa kitovu, mgumu kama embe bichi. Kila siku unashuka kwa kadiri ya upana wa kidole kimoja, na kwa kawaida kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne hauupati tena kwa kupapasa, kwa kuwa umerudi ndani ya nyonga. Ikitimia wiki ya sita unakuwa na gramu zisizofika 100. Kazi hii unaifanya wenyewe kwa kujikaza, na kinachouchochea zaidi ni mtoto kunyonya: akivuta chuchu, ubongo unatoa homoni ya oksitosini, homoni hiyo inaukaza mji wa mimba, na ndiyo maana wazazi wengi husikia tumbo likinyonga wakati wa kunyonyesha, hasa wenye watoto wa pili na kuendelea. Joto la taulo haliwezi kufika huko. Linaishia kwenye ngozi na mafuta yaliyo chini yake.

Damu nayo ina safari yake. Siku tatu au nne za mwanzo ni nyekundu, halafu inafifia na kuwa ya waridi au kahawia, na baada ya siku kumi hivi inakuwa majimaji ya manjano au meupe ambayo huweza kuendelea hadi wiki ya nne au ya sita. Aliyepasuliwa hutokwa na damu hiyo hiyo kwa njia hiyo hiyo, japo watu wengi hudhani daktari ameshaisafisha yote mezani. Haiozi ndani ilimradi mji wa mimba unajikaza na hakuna kipande cha kondo kilichobaki. Ikianza kunuka, hayo ni maambukizi, na maambukizi yanatibiwa kwa dawa hospitalini, wala si kwa sufuria.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili. Wakati wa upasuaji vineva vidogo vya ngozi hukatwa, na sehemu inayouzunguka mshono, hasa kati ya mshono na kitovu, hubaki na ganzi kwa wiki au miezi mingi. Jaribu sasa hivi: pitisha ncha ya kidole juu ya mshono, kisha juu ya paja, uone tofauti. Mzazi aliyejifungua kwa njia ya kawaida akibandikwa taulo la moto kupita kiasi atapiga kelele na mkandaji atalitoa. Wewe hutapiga kelele, kwa sababu hutasikia, na ngozi itaungua kimya kimya. Nimewaona waliorudi wodini na malengelenge makubwa juu ya mshono ambao ulikuwa umeshaanza kushika vizuri, kila mmoja akiapa kwamba maji hayakuwa ya moto. Unyevu wa taulo nao hulainisha kidonda ambacho kilipaswa kukaa kikavu.

Kwa hiyo tumbo lisikandwe kabisa. Oga kila siku kwa maji safi, mshono uuache maji yapite juu bila kuusugua, kisha ukaushe kwa kitambaa safi kwa kugusagusa. Usipake majivu, wala mafuta ya aina yoyote, wala poda, wala spiriti. Usinyanyue kitu chenye uzito kumzidi mtoto wako kwa wiki sita, lakini usilale kutwa: kutembea humo ndani na uani ndiko kunakozuia damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Ukitaka kukohoa au kucheka, kumbatia mto tumboni. Kutoka kitandani geuka kwanza ubavu, ushushe miguu, ndipo ujisukume kwa mkono.

Machozi uliyoyataja huwapata wazazi wengi kuanzia siku ya tatu au ya nne, pale homoni za ujauzito zinaposhuka ghafla na maziwa yanapojaa, na kwa kawaida huisha kabla ya wiki mbili. Yakipita hapo, au ukajikuta hulali hata mtoto anapolala, huna hamu ya chochote, au unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, basi huo si udekaji wala si jini. Ni sonona ya uzazi, na inatibika. Useme hivyo hivyo kliniki, na kama ni mawazo ya kudhuru, usingoje tarehe ya kliniki.

Na mkojo wa kikohozi: mimba yenyewe hulegeza misuli ya nyonga, hata kama mtoto hakupita chini. Ikaze misuli hiyo kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele ya wakwe, hesabu hadi tano, achia, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Usifanye zoezi hili ukiwa unakojoa. Ninachotaka ukitofautishe ni mkojo unaochuruzika muda wote hata ukiwa umetulia, kwa sababu huo unaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, hasa kwa aliyekaa na uchungu muda mrefu. Ukiuona usisubiri arobaini. Hapo Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT wanatibu fistula bila malipo.

Bi Mkubwa wa Pwani

Nimemsoma mkunga na sina ugomvi naye katika habari ya mshono, kwani mwenye kidonda hakandwi, na hilo hata mama yangu alilijua. Lakini naomba niseme neno kwa niaba ya huyo shangazi, maana naona vijana wakisikia kwamba kukandwa hakufai, wanatupa na beseni, na taulo, na mkandaji mwenyewe.

Nilikandwa kwa watoto sita. Mama yangu alipima maji kwa kiwiko, na taulo alilibandika kwanza kwenye paja lake mwenyewe kabla halijafika kwangu. Hii ya kurusha taulo kama chapati ya moto ni ya watu waliojifunza kwa kuchungulia. Na sikumbuki joto peke yake. Nakumbuka kwamba mara mbili kwa siku kulikuwa na mtu mzima aliyenivua nguo na kunitazama. Aliona damu ina rangi gani, akaona titi la kushoto lina uvimbe kabla sijalisema, akajua kwamba sijapata choo siku tatu akanipikia uji mwepesi na kunikatia papai. Kwa mtoto wa nne nililia sana, na ni yeye aliyegundua, akamwambia baba watoto ahamie chumba cha nje, akalala na mimi mpaka nikatulia. Leo mzazi anaambiwa kukandwa ni ushamba, na siku ya tano unamkuta anafua nepi kwa mkono huku ameinama, hajaangaliwa na yeyote tangu atoke hospitali.

Kwa hiyo mwanangu, usimwambie shangazi yako kwamba hukandwi. Mwambie tumbo bado lina kidonda, akukande mabega, shingo na kiuno kwa maji ya kustahimilika, na kabla hujamnyonyesha mtoto akuwekee kitambaa cha uvuguvugu kwenye matiti yakiwa yamejaa, dakika chache tu. Atapata kazi yake, na wewe utapata macho yake.

Mama wa Wawili, Kongowea

Poleni na majukumu. Mimi niko Mombasa, na nataka kuongeza jambo moja ambalo limenigharimu.

Baada ya mtoto wangu wa pili, niliyemzaa kwa njia ya kawaida na bila shida yoyote, niliruhusiwa siku iliyofuata na kupewa karatasi yenye mistari miwili: chanjo ya mtoto na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyeniambia la kuangalia upande wangu. Siku ya sita nikaanza kuumwa kichwa cha utosini ambacho dawa ya kawaida haikukigusa, macho yakawa yanaona vimulimuli, na nikafura uso. Nyumbani wakasema ni uchovu, wengine wakasema ni joto la kukandwa limepanda kichwani, jirani mmoja akaleta kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya dua. Usiku wa pili mume wangu alichoka kubishana, akanipakia kwenye tuktuk. Presha yangu ilikuwa 170 kwa 110. Daktari alisema kifafa cha mimba hakina adabu ya kungoja mimba. Kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, hadi wiki ya sita, na kwamba ningechelewa kidogo ningeanza kutapatapa nyumbani.

Nalisema hili kwa sababu katika majadiliano ya maji ya moto watu huzungumzia tumbo tu. Nilipolazwa, muuguzi wa zamu alikaa kitandani kwangu akanitajia mengine polepole, na tangu hapo nawatajia wengine: pedi inayolowa chepechepe ndani ya saa moja, au mabonge ya damu makubwa kama yai, homa ya nyuzi 38 na zaidi, mshono unaotoa usaha au unaoachia, shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, ambalo halipaswi kukandwa hata kwa bahati mbaya kwa sababu donge la damu linaweza kung'oka na kwenda mapafuni, kifua kubana au pumzi kukata. Kwa lolote kati ya hayo unakwenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Baba Pacha

Naandika kwa upande wa sisi wanaume, maana muulizaji hakumtaja baba mtoto na pengine yuko kazini. Hapa Tanzania sheria ya kazi inampa baba siku tatu za likizo ya uzazi, wakati mama anapata siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wenzetu wa Kenya baba anapewa wiki mbili. Siku tatu zangu ziliisha mke wangu akiwa bado wodini.

Nilichojifunza ni kujaza maji kabla sijatoka. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mke wangu, ambaye naye alipasuliwa, aliinyanyua siku ya kumi na mbili kwa sababu hakukuwa na tone ndani na mimi nilikuwa nimeondoka alfajiri. Mshono ukaachia pembeni, tukarudi kuosha kidonda kwa wiki tatu. Tangu siku hiyo nilikuwa naamka saa kumi usiku, najaza madumu yote, nafua nilivyoweza, ndipo naondoka. Kama shangazi ni mtu mzima, naye asiachiwe ndoo.

Mkunga Mstaafu, Tanga

Nimefurahi kumsoma Bi Mkubwa, kwani amelisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanataka mzazi aangaliwe saa 24 za kwanza akiwa kituoni, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita, na katikati ya tarehe hizo nani anamtazama kama si shangazi? Mama wa Wawili naye nampa pole, na naomba kila anayesoma hapa aombe kupimwa presha katika kila hudhurio, hata kama amepelekwa kwa ajili ya chanjo ya mtoto.

Swali la mkaja lilinipita. Mkaja haupunguzi tumbo. Misuli ya tumbo inarudi yenyewe kwa miezi, na mazoezi mepesi huisaidia baadaye. Lakini kwa aliyepasuliwa, kitambaa kinachoshika tumbo hupunguza maumivu anapoinuka na kutembea, kwa hiyo sikukatazi. Ufungwe kiasi cha kiganja kupita kwa urahisi, usisugue mshono, ufunguliwe usiku, na ufuliwe na kuanikwa juani. Ukibanwa hadi pumzi inakuwa fupi, msukumo wote unashuka chini kwenye misuli ile ile ya nyonga ambayo tayari inakuvujisha mkojo.

Uji wa pilipili manga kunywa bila wasiwasi. Pilipili haitoi damu, lakini uji ni maji na nguvu, na anayenyonyesha anavihitaji vyote viwili. Vidonge vya kuongeza damu viendelee kwa muda ulioandikiwa, na chai ya rangi usiinywe pamoja navyo wala pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Iache ipite saa moja au mbili.

Na kwa kuwa najua atakayekuja kukuambia habari ya kubemenda, niseme mapema: tendo la ndoa haliharibu maziwa. Wazee walichokuwa wanakilinda ni nafasi kati ya mtoto na mtoto, na katika hilo walikuwa na haki, kwani mji wa mimba wenye kovu unahitaji angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Utakaporudi wiki ya sita, ulizia uzazi wa mpango unaofaa kwa anayenyonyesha, na mpaka hapo mpumzike.

Mzazi wa Mbagala

Ahsanteni sana. Sikutegemea majibu ya namna hii, na nimeyasoma usiku huku nikinyonyesha.

Sikumsomea shangazi maneno yote. Jioni alipoleta sufuria nilimwomba kwanza aweke kidole chake juu ya mshono, halafu nikafumba macho. Akaniuliza, "Unasikia?" Nikamwambia sisikii kitu, aniambie atakapoanza. Akasema ameshaanza zamani, na kwamba hapo anaminya. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama dada zangu nao walikuwa hivyo, nikamjibu kwamba wao hawakukatwa. Akabeba sufuria akaliweka chini ya meza, na maji yalipopoa akapima kwa kiwiko, akanikanda mabega mpaka nikasinzia nikiwa nimekaa.

Asubuhi hii ameniangalia miguu yote miwili, akailinganisha kwa kuipima na kamba ya mkaja. Kilio nimemwambia pia. Baba mtoto nimemsomea habari ya ndoo, na madumu yamejaa. Kesho nakwenda kuangaliwa mshono na kupima presha, na shangazi amesema tunakwenda wote, kwa sababu ana maswali yake kwa daktari.